Siti binti Saad na Santuri Zake: Maisha ya Mwimbaji na Tatizo la Ushahidi

Utangulizi

Katika historia ya fasihi ya Kiswahili, Siti binti Saad ana makao mawili. Ya kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Ya pili ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika ambazo yeye na wenzake walianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928. Makao ya kwanza yanafahamika kwa kila mwanafunzi wa Kiswahili. Ya pili yamekuwa, kwa muda mrefu, mali ya wakusanyaji: watu wachache waliohifadhi santuri za kale nyumbani, wakazisikiliza, wakabadilishana, na baadhi yao hatimaye wakazikabidhi kwenye maktaba za sauti. Wahakiki wa fasihi wameyategemea zaidi makao ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba mwimbaji aliyekuwa hajui kusoma wala kuandika anahukumiwa kwa maandishi ya mtu mwingine, hali maneno yake mwenyewe yamo katika mifuo ya santuri, na yanasikika.

Fumba na mjini

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, mnamo mwaka 1880. Mwaka huu ni wa kukadiria, kama ilivyo kwa wengi wa tabaka lake ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, yaani wote wawili asili yao ni bara, na wote walifika Unguja kwa njia ya utumwa. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wakati yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu. Lakini jina halifutwi kwa amri ya serikali, na fikra za mji kuhusu nani ni muungwana na nani si muungwana zilidumu muda mrefu baada ya amri hiyo.

Ufinyanzi ndio uliokuwa riziki ya nyumba yao. Siti alijifunza kazi hiyo kwa mama yake, akawa anajitwika vyungu na kuvichuuza mitaani. Inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi bidhaa ilisikika kutoka mbali, na kwamba wanawake walimtambua kabla hajafika mlangoni. Masimulizi ya namna hii huzuka baada ya mtu kupata umaarufu, na hayana budi kupokewa kwa uangalifu. Hata hivyo yana mantiki yake: mchuuzi hujifunza kutoa sauti ya wazi, inayobeba maneno bila kuyapoteza, na sifa hiyo ndiyo inayosikika kwanza katika santuri zake.

Mnamo 1911 alihamia mjini. Muziki wa taarab wakati huo ulikuwa bado na harufu ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na kutoka hapo muziki wa kasri ukajengeka kwa mfano wa Kairo. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa chama cha wanaume wenye nafasi zao, walioimba kwa Kiarabu. Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wake, ndiye aliyemfundisha Siti kuimba na kuongozana na ala. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata mjini, na likalifunika lile la Mtumwa.

Imezoeleka kuandikwa kwamba Siti ndiye wa kwanza kuimba taarab kwa Kiswahili. Kauli hiyo inahitaji kupunguzwa makali. Mashairi ya Kiswahili yalikuwa yakiimbwa kwa kinanda katika miji ya pwani, Lamu ikiwamo, kabla hajasikika. Alilolifanya Siti ni jambo jingine, na pengine kubwa zaidi: aliichukua ala ya kasri na kaida zake za kuimba, akaipa Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa wa mafundi, wachukuzi, wavuvi na watumwa wa zamani. Kisha akaurudisha muziki huo kasrini, ambako aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub na wageni wake. Wenye nasaba walioukejeli uso wake na asili yake aliwajibu kwa wimbo, na majibu hayo yalikaririwa mjini kwa miaka mingi.

Kundi lake lilikuwa la wanaume. Walikuwamo Subeit bin Ambar, Mwalimu Shaaban, Budda bin Mwendo, na Mbaruk Talsam, mpiga udi kipofu aliyezaliwa Mombasa. Walikutana usiku nyumbani kwa Siti, na katika mikutano hiyo habari za mji ziligeuzwa kuwa nyimbo. Ni kosa, kwa hiyo, kuyachukulia maneno yote ya nyimbo hizo kuwa ni ya Siti peke yake. Utunzi ulikuwa wa baraza: mmoja alileta habari, mwingine beti, mwingine lahani, na sauti ya Siti ikautia muhuri.

Bombay, 1928

Kabla ya mwaka huo santuri hazikuwa ngeni Zanzibar. Waliokuwa na gramafoni walizoea kusikiliza waimbaji wa Misri na wa Bara Hindi. Kilichokosekana ni santuri ya Kiswahili. Kampuni ya His Master's Voice, iliyokuwa na biashara kubwa India, iliona kwamba wanunuzi wa pwani wangelipa zaidi kwa lugha yao wenyewe, na mwezi Machi 1928 Siti na wenzake walirekodi Bombay. Njia ya baharini kati ya Zanzibar na Bombay ilikuwa ya kawaida kwa wafanyabiashara. Kwa mwanamke mfinyanzi wa Fumba haikuwa ya kawaida hata kidogo.

Tarehe hiyo ina uzito wa kiufundi unaosahauliwa na wanaoandika habari za Siti. Hadi 1925 sauti ilirekodiwa kwa nguvu ya pumzi pekee: mwimbaji aliimba ndani ya pembe, na mtikisiko wa hewa ukaisukuma sindano iliyochora nta. Ala laini kama udi zilififia, na waimbaji walilazimika kupaza sauti. Kuanzia 1925 makampuni makubwa yalihamia kwenye kurekodi kwa umeme, kwa kutumia maikrofoni. Siti alifika Bombay miaka mitatu tu baada ya badiliko hilo. Kama angeitwa mapema zaidi, vizazi vya baadaye visingesikia namna anavyolegeza neno mwishoni mwa mshororo, wala udi unaomjibu.

Santuri zenyewe zilitengenezwa kwa shelaki, gundi itokanayo na wadudu wa India, ndugu wa lakiri ya kufungia barua. Tangu 1908 kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Calcutta. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba takriban dakika tatu. Hapa ndipo mtafiti wa fasihi anapopaswa kutulia. Wimbo wa taarab barazani hauna haraka: kibwagizo hurudiwa kadiri wasikilizaji wanavyotunza, mwimbaji hurudi kwenye mshororo uliopendwa, na wapigaji hupata nafasi ya kutamba. Santuri haikuruhusu hayo. Ama beti zilipunguzwa, ama wimbo uligawanywa pande mbili na msikilizaji akalazimika kunyanyuka, kuigeuza santuri na kubadili sindano. Kwa hiyo matini ya santuri si matini ya baraza. Ni toleo lililopunguzwa na soko, lakini pia ndilo toleo pekee ambalo maneno yake hayakupitia kumbukumbu wala kalamu ya mwingine.

Mauzo yalikuwa makubwa kuliko kampuni ilivyotarajia, na safari nyingine za kurekodi zikafuata. Makampuni mengine, yakiwamo Odeon na Columbia, nayo yaliingia katika soko la Afrika Mashariki kabla ya mtikisiko wa uchumi wa dunia haujalibana. Mwaka 1931 His Master's Voice na Columbia ziliunganishwa kuwa kampuni moja, EMI. Zama za kwanza za santuri ya Kiswahili zilikuwa fupi sana, na sehemu kubwa ya kile kilichobaki cha Siti imetoka katika miaka hiyo michache.

Ni vema kuangalia pia nani hakufikiwa na zama hizo. Makampuni yalichagua kwa hesabu ya bandari na reli: palipokuwa na mshahara, duka na gramafoni. Katika nchi ambayo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Wakurya walikuwa na litungu, ala ya nyuzi nane, na waimbaji wake walisifu, walikosoa na kuhifadhi habari za koo kwa ustadi usiopungua ule wa baraza za Ng'ambo. Meli ya Bombay haikuwahusu. Mtafiti anayekaa na mzee wa litungu Nyamwaga au Mugumu hana santuri ya 1928 ya kulinganisha na anayoyasikia. Anayo kumbukumbu tu, na tofauti kati ya wimbo wa babu na wa mjukuu hawezi kuipima. Anayesoma fasihi ya Siti anaweza kuipima. Fursa hii haikutokana na ubora wa sanaa ya pwani juu ya ile ya bara, kwani Siti mwenyewe alikuwa mtoto wa bara kwa baba na mama. Ilitokana na ramani ya biashara.

Santuri dhidi ya wasifu

Shaaban Robert alikutana na Siti katika siku zake za mwisho, naye akamsikiliza. Wasifu alioutunga ni kazi ya kimaadili kabla haijawa kazi ya historia. Siti wake ni mfano wa subira, bidii na ukarimu. Ni mwanamke aliyeshinda unyonge wa asili yake kwa tabia njema na kipaji. Hakuna haja ya kuidunisha kazi hiyo. Mwaka 1958 kumfanya binti wa watumwa, mwanamke, mwimbaji, kuwa shujaa wa kitabu cha nathari ya Kiswahili kilikuwa kitendo cha ushujaa. Lakini anayeziweka santuri pembeni mwa kitabu hukutana na mtu aliye mkali zaidi.

Mfano unaofahamika zaidi ni wimbo wa Kijiti. Unahusu mauaji ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye mimba, aliuawa Unguja baada ya matembezi ya usiku, na mshukiwa akatorokea bara. Walioadhibiwa na mahakama ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, kwa kosa la pombe. Wimbo haukutoa hotuba. Unasimulia, unataja majina, unaliweka tendo la muuaji kando ya hukumu ya hakimu, na kumwachia msikilizaji kupima. Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa 2001, aliziweka nyimbo za namna hii katika muktadha wa mahakama na siasa za mji chini ya ukoloni, akitumia pia kumbukumbu za wazee waliozisikia nyimbo hizo zikiwa bado mpya. Kwa mujibu wa uchambuzi huo, Siti anaonekana kuwa mwanahabari wa wasio na gazeti.

Je, picha ya Shaaban Robert na picha ya santuri zinaweza kukaa pamoja? Baadhi ya wahakiki wamependelea kuchagua moja. Uchaguzi huo hauhitajiki. Mwanamke huyo huyo aliimba kasrini na Ng'ambo, na hakika uwezo wake ulikuwa huo wa kujua neno gani linasemwa wapi, na kwa sauti gani. Santuri ndiyo inayoonyesha sauti gani. Mshororo ambao kwenye karatasi unasomeka kama sifa unaweza kuimbwa kwa kebehi, na karatasi haina alama ya kebehi.

Kazi ya wakusanyaji

Hata hivyo sikio nalo hudanganywa, na hapa watafiti wa fasihi wana mengi ya kujifunza kwa wakusanyaji wa santuri, ambao mara nyingi hudharauliwa kama watu wa burudani tu. Tatizo la kwanza ni mwendo. Santuri hizi huitwa za mizunguko 78, lakini mashine za kurekodi hazikushika mwendo huo kwa usahihi. Tofauti ya mizunguko minne au mitano kwa dakika inatosha kupandisha au kushusha sauti kwa karibu nusu toni, na kuharakisha au kukawiza mapigo kwa kadiri hiyo hiyo. Muziki wa piano humsaidia msikilizaji kusahihisha, kwa sababu piano hufungwa katika kimo kinachojulikana. Udi na fidla hufungwa kumfuata mwimbaji. Kwa hiyo madai kwamba Siti alikuwa na sauti nyembamba au nzito hayana msingi mpaka ijulikane nakala inayosikilizwa ilichezwa kwa mwendo gani.

Tatizo la pili ni sindano. Mifuo ya santuri za shelaki ni mipana kuliko ile ya santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Sindano nyembamba ya kisasa hugusa chini ya mfuo, ambako pana vumbi, na kusoma mikwaruzo badala ya sauti. Konsonanti huzama, na konsonanti ndizo zinazotofautisha neno na neno. Makosa katika unukuzi wa nyimbo za kale yanaweza kuwa hayatokani na ujinga wa lahaja bali na sindano. Hata usafishaji una hatari zake: spiriti, ambayo husafisha vitu vingi, huyeyusha shelaki. Waliosafisha santuri za babu zao kwa nia njema kwa spiriti walifuta sauti walizotaka kuziokoa.

Tatizo la tatu ni utambuzi. Karatasi ya katikati hutaja jina la wimbo na la mwimbaji, lakini majina hayo yaliandikwa na makarani wa kampuni ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao. Mkusanyaji mzoefu haiamini karatasi kabla hajaangalia nambari iliyochorwa karibu nayo, kwa kuwa nambari hiyo ndiyo inayoonyesha kikao cha kurekodi na jaribio lililochaguliwa. Kutokana na nambari za namna hiyo, na daftari za makampuni zilizobaki Uingereza, imewezekana kupanga upya sehemu ya kazi za miaka hiyo. Mwaka 2007 nyimbo za Kiswahili za kati ya miaka ya 1920 na 1950, zilizochaguliwa na Janet Topp Fargion kutoka hazina ya Maktaba ya Uingereza, zilitolewa tena London katika diski, na wasikilizaji wengi wa kizazi cha sasa wakazisikia kwa mara ya kwanza.

Kwamba hazina hiyo iko London na si Zanzibar ni jambo ambalo haliwezi kupitwa kimya. Santuri zilinunuliwa na watu wa Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Zilichezwa hadi mifuo ikalika, maana sindano ya chuma hula shelaki kila inapopita, na wimbo uliopendwa zaidi ndio uliokufa haraka zaidi. Zilizobaki safi ni zile ambazo hazikupendwa, au zile ambazo hazikuwahi kuuzwa. Anayetathmini ladha ya wasikilizaji wa 1930 kwa kuhesabu santuri zilizosalia, kwa hiyo, anaihesabu kinyume.

Siku za mwisho

Biashara ya santuri ilipopungua, Siti aliendelea kuimba katika maharusi na barazani. Mji ulikuwa umebadilika. Vikundi vya wanawake vilikuwa vimejitokeza, vyenye uanachama, sare na mashindano ya mipasho, na filamu za Misri na India zilileta lahani mpya. Wanawake hao walifuata njia aliyoifungua, ingawa si wote waliokubali kusema hivyo. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Miongoni mwa waliomsikiliza wakiwa wadogo ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude, ambaye alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Yeye alizibeba nyimbo za Siti kichwani kwa zaidi ya miaka sabini, akaziimba Zanzibar, bara na Ulaya, akiongeza, akipunguza na kuhamisha beti kutoka wimbo hadi wimbo kadiri ukumbi ulivyotaka. Anayelinganisha uimbaji wake na santuri za Bombay huona kwamba maneno hayalingani kila mahali. Baadhi ya waliozinukuu nyimbo hizo wamezichukua tofauti hizo kuwa makosa ya uzee na kuzisahihisha kwa kufuata santuri. Lakini santuri ilikuwa imefupishwa ili itoshe dakika tatu, na Bi Kidude alijifunza barazani, ambako hapakuwa na saa. Beti zisizomo katika santuri zinaweza kuwa nyongeza zake. Zinaweza pia kuwa zile zilizoachwa nje ya chumba cha kurekodi mwezi Machi 1928.